Mbarara au Mbalala? Wasomaji wanauliza, Mwalimu anajibu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena katikati ya jibu la mambo mengine, kwamba majina ya miji yetu yanasomwa ovyo redioni na wenye miji yao wanaumia, basi simu yangu haijapumzika tangu siku ile. Meseji zingine ndefu kama barua ya posa, ingine ilikuwa na neno moja tu, "TOLOLO!!!", na aliyeituma alijua kabisa nitaelewa. Nimechagua chache za kujibu hapa, zilizobaki mnisamehe nafasi ni ndogo, na wale walioandika kutukana kabila la mwenzao kwa sababu ya lafudhi yake hao siwajibu.

Kitu kimoja kabla hatujaanza, humu nitasema Baganda, Basoga, Bakiga, vile wenyewe wanajiita, na sababu mtaiona kwenye barua ya ndugu yetu wa Gulu huko chini.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni konda, ruti yetu Kampala kwenda Tororo na siku zingine tunafika mpaka Malaba. Tukipakia pale paki mimi naita Tololo Tololo Tololo wawili wawili tuondoke, ndo nimezoea hivyo maana nimekulia Mukono. Juzi mzee mmoja akasimama mlangoni kabisa akakataa kuingia, akasema Tololo haijui yeye anaenda Tororo, akaenda kupanda gari la mwenzangu na mizigo yake yote. Sasa kosa langu liko wapi, si ni mji uleule? — Konda, Kampala

Marahaba baba. Mji ni uleule, nauli ileile, na bado mzee alikuwa na haki ya kuumia, ngoja nieleze polepole maana ugomvi wa majina nchi hii karibu nusu yake umelala hapo kwenye r na l.

Kwa Kiluganda hizi sio sauti mbili. Ni moja, inabadilika kufuata irabu iliyoitangulia: ikitanguliwa na e au i inatoka r, kwingine kote inatoka l. Ndo maana Muganda anasema Luweero na r yake safi kabisa, kabla yake kuna e, anasema dereva bila shida yoyote, lakini kwenye Tororo kabla ya r kuna o basi ulimi unajiendea wenyewe kwenye l. Mbarara inakuwa Mbalala kwa sheria hiyohiyo, na Kisoro kule karibu na Rwanda inakuwa Kisolo. Kiswahili nacho kinapita mlango huohuo, unaambiwa habali, unaambiwa kalibu, halafu sukari unapimiwa kwa kiro badala ya kilo, kwa sababu hapo iliyotangulia ni i! Wanaocheka wanadhani Muganda hajui kutamka r. Anaijua sana, ila anaiweka pale lugha ya mama yake ilipomfundisha kuiweka, na ukimsikiliza siku nzima hutamkuta ameikosea hata mara moja. Hiyo ni lafudhi baba, wala mtu asikufanye uione aibu.

Sasa mzee. Kwa Dhopadhola, lugha ya wenyeji wa Tororo, r na l ni sauti mbili kamili, ukibadilisha moja umesema neno lingine, kwa hiyo sikioni mwake hukutaja mji wake kwa lafudhi ya Mukono, umetaja mahali ambapo hapapo. Alafu kuna jambo la pili ambalo wewe hukulishuhudia na hata mimi nimelisikia kwa wazee tu. Huku mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1900 Waingereza walitawala kupitia mawakala Baganda, mkubwa wao akiwa Semei Kakungulu, yule aliyeujenga mji wa Mbale, na pamoja nao kikaja Kiluganda cha kanisani, cha shuleni, cha barazani kwa chifu. Mtu wa Budama au wa Teso akahukumiwa kwa lugha ya mwenzake, kijiji chake kikaandikwa kwa sikio la mwenzake, na mtoto wake akirudi shule analitaja jina la nyumbani kwao vile mgeni anavyolitaja. Mambo kama hayo hayaishi kwa sababu mawakala wameondoka. Mzee akisikia Tololo anasikia na hayo mengine yote nyuma yake, hukuyaleta wewe, umeyakuta njiani.

Kwa hiyo nyumbani kwako Mukono na marafiki zako sema Tololo mpaka uzeeke, hakuna wa kukukataza. Lakini pale paki unaita watu, na watu unaowaita ni wa Tororo, waite kwa jina wanalolijua. Ulimi utakubali, mimi nimefundisha watoto wengi wa Baganda na wote wamekubali, unaanza na neno "tiririka" kwa sababu hapo r zote zimetanguliwa na i na kwako zinatoka zenyewe, unalirudia mpaka ulimi uzoee kutetemeka, ndo unaingiza Tororo papo hapo kabla haujapoa. Wiki mbili zinatosha. Na ukimuona tena yule mzee mpokee mzigo kabla hajafika mlangoni.

Habari Mwalimu. Mimi ni Mkenya, niko Kampala kikazi mwaka wa pili huu. Siku ya kwanza nilimwambia wa boda nipeleke Kiambogo, akaniuliza wapi, nikarudia Ki-a-mbo-go, akaita wenzake watatu hapo steji na wote hawapajui, mpaka nikaandika kwa simu wakasema aaah, Chambogo! Sasa kama ni Chambogo si muandike Chambogo? Na Kyebando, na Kyengera, alafu hii Kyaliwajjala ndo ilinimaliza. — Bado mgeni, Kampala

Karibu sana kaka, na pole na hiyo siku ya kwanza. Swali lako nalipenda kuliko yote niliyoletewa kwa sababu jibu lake liko mdomoni mwako tayari.

Wewe unasema "kitabu changu". Kwa nini husemi "kitabu kiangu"? Ngeli ni ki, kitabu kile, kitabu kizuri, lakini ki ikikutana na irabu mdomo wa Mswahili unaibana inakuwa ch, ndo tukapata changu, chako, chakula, chombo. Sasa msikilize Muganda, yeye anasema "ekitabo kyange", na hiyo kyange anaitamka karibu kabisa na "change", laini kidogo tu kuliko ch yetu. Midomo miwili imefanya jambo lilelile. Tofauti iko kwenye kalamu, sisi tunaandika kile kilichotoka mdomoni, wao wanaandika kile kilichoingia, wanabakiza ile k ili ngeli ionekane. Ule mwandiko wa Kiluganda ulikubaliwa kwenye mkutano wa mwaka 1947 na vitabu vyao vimeufuata mpaka leo, wala sio uzembe wa mtu wa vibao vya barabarani.

Na ukishajua hivyo majina yanaanza kuongea na wewe. Kyambogo ni kya na mbogo, yani "cha mbogo", na mbogo wewe unamjua ni yule nyati, ina maana hukuhitaji kutafsiriwa, umeishi Kampala miaka miwili unapita kilima cha nyati kila siku! Nenda magharibi utakuta Kyenjojo, isome Chenjojo, na enjojo kwa Kitooro ni tembo. Kyegegwa, Kyotera, zote hivyohivyo.

Kyaliwajjala ina la ziada, hizo j mbili. Kiluganda kinazikazia konsonanti, unashika pumzi kidogo halafu unaachia, na sio pambo, maana okuta kwa t moja ni kuachilia na okutta kwa t mbili ni kuua. Ukienda mahakamani utaelewa umuhimu wake. Jina la mtaa ukilikosea hakuna atakayekufa ila wa boda ataita tena wale wenzake watatu.

Entebe au Entebbe? B moja au mbili? — Dereva, Mukono

Kiti kwa Kiluganda ni entebe, b moja, na mji ndo umepata jina hapo, panasimuliwa kuwa palikuwa pa kuketi mkuu wa zamani akiamua kesi za watu. B ya pili iko kwenye karatasi, usiikazie mdomoni.

Mwalimu, sisi wa Apac tumechoka. Tunaitwa Apaki, tunaitwa Apasi, juzi mtangazaji mmoja wa habari ametuita Apaka, mwanangu akacheka mimi nikazima redio. Tuandikieni jambo. — Mama wa watoto wanne, Apac

Naandika mama. Wasomaji wote mnaosoma hapa, mji huo ni APACH. Kwenye mwandiko wa Kilango na Kiacholi herufi c ikiwa peke yake ni ch, kwa hiyo uwanja wa mpira wa Gulu unaoandikwa Pece ni Peche, hospitali ya Lacor ni Lachor, na Waacholi wenyewe kwa lugha yao wanajiandika Acoli. Mswahili hana c bila h, akiikuta mahali anakimbilia k au s ya Kiingereza, hapo ndo Apaki na Apasi zinapozaliwa.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba hatufanyi kwa usawa. Pakwach pale kwenye daraja la Nile jina lake kwa mwandiko wa wenyewe ni Pakwac, lina kwac ndani yake, yani chui, lakini sababu iliongezwa h hakuna mtu amewahi kuisoma Pakwaki. Apac hawakuongezewa h, basi wanalipa deni la mwandiko kila siku ya Mungu. Mimi sisemi waongezewe, ni jina lao na mwandiko wao, nasema mtu anayelipwa mshahara kusoma majina anaweza kujifunza herufi moja.

Na papo hapo niwaombee na majirani zenu wa Teso. Ngora isomwe Ng'ora, kama ng'ombe, sio kama ngoma. Mswahili hapa hana kisingizio, sauti anayo.

Mwalimu mimi ni Msoga nimeolewa Kabale. Mama mkwe kila nikisema Kabale ananirekebisha Kabaare, tena anaivuta kabisa. Nimeizoea, sasa nikienda kwetu Jinja nikiisema hivyo ndugu zangu wananicheka eti nimekuwa Mukiga. Nimfuate nani? — Mke wa watu, Kabale

Mfuate mama mkwe, na nikueleze kwa nini maana nadhani yeye hajakueleza, wazee wetu wanarekebisha tu halafu wanaendelea kumenya viazi.

Rukiga, lugha ya Bakiga wa huko Kabale, haina l yake ya asili, ina r. Mzee wa kule hata Kampala anaiita Kampara na huwezi kumkuta akiona haya. Lakini kwenye jina la mji wake kuna zaidi ya r. Ibaare ni jiwe, akabaare ni jiwe dogo, na mji jina lake limetoka hapo. Ukisema Kabale kwa l na kwa a fupi, masikioni mwa mama mkwe jiwe limetoka, limebaki jina tupu la kwenye ramani. Kwa hiyo yeye hakurekebishi ulimi mwanangu, anakurudishia maana.

Na angalia maajabu, kwenu Jinja ni nini? Ejjinja kwa Baganda ni jiwe vilevile! Na Basoga wenyewe nyumbani, wewe unajua, hawasemi Jinja, wanasema Idhindha, kwa sababu pale Muganda anapoweka j au z mdomo wa Msoga mara nyingi unaweka dh, ndo maana maji kwenu ni maadhi na kwa Muganda ni amazzi. Umetoka kwenye jiwe ukaolewa kwenye jiwe. Hao ndugu zako wanaokucheka kwa Kabaare waulize kama wao wangependa mkwe wao wa Kabale aje nyumbani kwao acheke Idhindha, wakishajibu wape chai.

Watu wa Mbarara nao watasoma hapa watasema na sisi je, basi na nyie. Ufalme wenu wenyewe mliuita Nkore. Waingereza walifika kwenu wakipitia Buganda wakiwa na wakalimani wa huko, wakaandika Ankole, mkataba wa 1901 ukatoka kwa jina hilo na likabaki, ile r ikageuzwa l kwenye karatasi ya serikali. Ndo maana leo mtu anaweza kusema kwenye sentensi moja kwamba anatoka Ankole na anaongea Runyankore, l huku r kule, na hashangai. Hiyo mimi siiiti lafudhi tena. Mtu akisema Mbalala ni mdomo wake, jioni ameshasahau, lakini karani akiandika kwenye karatasi ya mkataba mdomo wake wa siku moja unakuwa jina la watu wengine kwa zaidi ya miaka mia.

Mwalimu mimi ni Muacholi nafanya biashara ya nguo Nairobi. Kila siku naitwa Mganda, we Mganda njoo, nikikataa wananiuliza kwani wewe sio wa Uganda? Na nyumbani ukisema Muganda ni mtu wa Kabaka, sio mimi. Niwajibu nini? — Wa Gulu, niko Nairobi

Ndugu yangu ugomvi wako ni mkubwa kuliko unavyoonekana, maana umegusa jina la nchi lenyewe, na hilo jina tumelipewa na Waswahili.

Ufalme wa Kabaka kwa wenyewe ni Buganda. Misafara ya kutoka pwani ilipoanza kufika huko, watu wa pwani wakalitaja kwa mdomo wao, na kwa Kiswahili nchi inaanza na u, kama Ureno, Ugiriki, Uchina, basi B ikaanguka njiani ikawa Uganda. Wazungu waliokuja nyuma yao walikuwa wanaongozwa na watu haohao, mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 alikuwa na watu waongeao Kiswahili kama Sidi Mubarak Bombay, kwa hiyo yeye na wenzake wakaandika walichokisikia: Uganda, Usoga, Unyoro. Mwaka 1894 Waingereza wakatangaza himaya yao kwa jina hilo la Uganda, halafu mipaka ikapanuliwa ikawachukua na nyinyi wa kaskazini. Baadaye Busoga ikarudishiwa B yake, Bunyoro ikarudishiwa, Buganda pia, lakini jina la nchi nzima likabaki vile Mswahili alivyolitamka. Mimi huwa nawakumbusha hili Waswahili wenzangu kila wanapocheka Mbalala. Pasipoti zetu zote zimeandikwa kwa lafudhi yetu sisi na hakuna Muganda aliyetucheka.

Kwa hiyo huyo mteja wa Nairobi hajakukosea Kiswahili, kwa Kiswahili cha kwao Mganda ni raia wa Uganda basi, kama Mkenya na Mtanzania. Na wewe hujakosea kukataa kwa sababu sikio lako limelelewa kwingine. Baganda wenyewe waliona tatizo hilo wakatengeneza neno, raia yeyote wa nchi ni Munnayuganda, Muganda ni Muganda. Kwenye Kiswahili cha hapa kwetu mimi nafanya hivi, Mganda na Waganda nawaita raia wote, Muganda na Baganda nawaachia wao kama wanavyojiita, ndo maana mwanzoni nikawaambia nitaandika hivyo. Ukiitwa tena we Mganda jibu "ndiyo, Mganda wa Gulu, Muacholi", utaona wengi wanapenda kujua na wengine watakuuliza Gulu iko wapi, hapo biashara imeanza.

Nyinyi wa Gulu hili la majina kubadilika mdomoni mwa wapita njia mnalo karibu sana. Ile ngome ya Mwingereza Samuel Baker ya mwaka 1872 mahali pake ni Patiko, lakini kwenye maandishi yake ni Fatiko. Wafanyabiashara waliotoka Khartoum walikuwa waongeao Kiarabu, Kiarabu hakina p, wakaiita Fatiko na Baker akaifuata. Wa pwani akaangusha b yetu, wa Khartoum akageuza p yenu. Ila Patiko ilirudi kuwa Patiko kwa sababu waliokuwa wanakaa pale hawakuacha kuisema.

Mwalimu, mi ni mama wa Kongo, tuko hapa Kyaka, kambi ya bakimbizi, miaka sita. Batoto yangu banasoma hapa, benzao banabacheka juu ya Kiswahili yetu, na mwalimu moja naye alicheka mbele ya darasa. Sasa ule mukubwa amekataa kusema Kiswahili hata nyumbani, anasema Kingereza tu. Nifanye je? — Mama, Kyaka

Mama yangu, barua yako nimeisoma mara nne.

Mimi ni mtoto wa polisi, nimezaliwa kwenye kambi, tumehamishwa Mbarara tukahamishwa Arua tukahamishwa Mbale, na kila tulikofika nilifika na mdomo wa tulikotoka. Arua walinicheka kwa mdomo wa Mbarara, Mbale wakanicheka kwa mdomo wa Arua. Nilikuwa na miaka tisa mwalimu mmoja aliposimamisha darasa nirudie neno ili wacheke vizuri, neno lenyewe nalikumbuka mpaka leo na silisemi. Nilikaa karibu muhula mzima bila kunyoosha mkono. Kwa hiyo najua mwanao yuko wapi saa hii.

Kwanza yule mwalimu. Nenda shuleni, sio kwa hasira, nenda na mtu mmoja anayeheshimika hapo kambini, mwambie mtoto ameacha kuongea. Walimu wengi wakiambiwa hivyo uso kwa uso wanaona aibu na wanarekebisha, mimi niko kwenye kazi hii miaka mingi nimeona. Ukinyamaza atafanya kwa mwingine.

Alafu huyu mkubwa, muite nikuambie cha kumwambia. Anachekwa kwa kusema batoto badala ya watoto. Sasa wanaomcheka wanaitwaje? Batooro, Bakiga, Baganda, Banyankore. Hiyo ba ni ileile! Mtooro akitaja watoto kwa lugha yake anasema abaana, ba iko hapo katikati inakaa vizuri kabisa. Sisi wa Kiswahili cha vitabu ndo tuliolainisha ba ikawa wa, Kivu kwenu mmeibakiza kama majirani zenu wote wa hapa walivyoibakiza. Wala sitakuficha, kwenye mtihani aandike watoto, wanasoma, wenzao, kwa sababu mtihani una Kiswahili chake na asipokijua atanyimwa alama, hiyo nayo ajifunze na ataiweza haraka kuliko wenzake kwa sababu yeye lugha anayo, anaongeza nguo moja tu. Ila nyumbani na wewe aseme batoto.

Na amejua kweli anachokitupa? Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha hawatoshi, nakwambia mimi niliye ndani. Wanaomcheka leo watakaa darasani kuhangaika na "sisi tunakula", yeye ameanza kuisikia tumboni mwako. Mwambie Mwalimu wa Tororo amesema anamsubiri.

Na asante kwa kuandika Kyaka, wengine hunitumia "Chaka" kwa kuogopa kukosea.

Mwalimu nimepata nafasi redioni ya kusoma habari kwa Kiswahili, bado niko kwenye majaribio. Nikiona orodha ya wilaya jasho linanitoka. Kuna njia? — Mtangazaji mchanga, Mbale

Iko, na haina ugumu ila inataka upige simu. Kabla ya taarifa kusomwa, jina lolote usilolikulia tafuta mtu wa pale akutamkie, umrekodi, usikilize mara tatu. Ramani haitakusaidia na aliyekutangulia kazini haitakusaidia kumuiga maana na yeye aliiga.

Kwa kuwa uko Mbale anza na za karibu. Lwakhakha hiyo kh ni ya kooni kama kwenye kheri na Khamisi, watu wa pwani wangeisoma vizuri kuliko watu wa Kampala, usiifanye k. Kapchorwa usiichomekee irabu ikawa Kapucholowa, p na ch zinashikana, na hiyo Kap ndo ileile ya Kapsabet na Kapenguria huko Kenya, Wasabiny, wenyeji wa Kapchorwa, ni ndugu za watu wa huko. Apac umeshaisoma hapo juu, Ngora umeisoma. Fort Portal ni jina la Mwingereza, hapo hakuna wa kuumia, isome kama unavyoweza.

Alafu usijaribu kuigiza lafudhi ya kila kabila, utachekesha na utaudhi, soma kwa mdomo wako wa Mbale, ila sauti za jina ziwe zote zimo, r iwe r na ch iwe ch. Ukikosea hewani jirekebishe palepale kwa sentensi moja na uendelee. Za mashariki nitumie orodha nitakurekodia mwenyewe leo usiku. Za Karamoja usiniulize mimi, tafuta mtu wa Moroto, na umuache aseme mara mbili kwa sababu irabu ya mwisho wanaitoa kwa pumzi tu, mara ya kwanza hutaisikia.